UKADHI NA UJAJI: NANI HUTEUA, NANI HUUZULU?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Hakimu wa mahakimu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, Sahaba zake na kila mwenye kufuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Ndugu msomaji, miaka kadhaa iliyopita alinijia imamu mmoja kijana kutoka katika kijiji cha machimbo huku kwetu ukanda wa Geita. Alikuwa amebeba begi la nguo na sanduku la vitabu. Nilipomuuliza kulikoni, akanieleza kisa chake.

Mchimbaji mdogo mmoja alikuwa amefariki. Aliacha mke, mabinti wawili na ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Mali yake ilikuwa sehemu yake katika duara, karasha moja na nyumba ya matofali. Imamu akaombwa agawe mirathi, naye akagawa kama alivyofundishwa: mali ikafanywa mafungu 24, mke akapewa 3 ambayo ni thumuni, mabinti wakapewa 16 ambayo ni thuluthi mbili, na yaliyobaki 5 akapewa ndugu wa marehemu kwa njia ya uasaba. Ndugu yule alikuwa akitaraji kuchukua duara na karasha vyote. Naye ndiye aliyenunua mabati ya msikiti.

Haikupita muda, kamati ikamwita imamu na kumwambia kwamba huduma yake sasa imetosha. Akauliza, "Wazee wangu, mimi nimekosa nini?" Hakujibiwa. Wala hapakuwa na karatasi inayosema aliajiriwa kwa muda gani, wala kwa kosa gani anaweza kuondolewa. Aliingia kwa maneno, akatolewa kwa maneno. Waliobaki na jambo hili ni mjane na mabinti zake, kwani imamu aliyemfuatia alikwishajua la kusema na la kunyamazia.

Kisa hiki kilinirejesha kwenye mlango ambao wanafunzi wengi wa fiqhi huupita haraka haraka, nao ni mlango wa *al-qadhaa*: ni nani anayemweka kadhi, hukaa kwa muda gani, na ni nani mwenye haki ya kumuuzulu. Katika makala haya tutaangalia waliyoyasema wanazuoni, yaliyotokea katika historia, na sheria za nchi zetu zilivyo leo, ili tujue yule kijana alidhulumiwa kitu gani hasa.

Kadhi ni naibu wa nani?

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura an-Nisaa, aya ya 58, kwamba amana zifikishwe kwa wanaostahiki na kwamba wanaohukumu baina ya watu wahukumu kwa uadilifu. Wafasiri wamezingatia kwamba amana na hukumu zimetajwa pamoja. Hivyo basi kumpa mtu kazi ya kuhukumu ni kumkabidhi amana, na amana huulizwa mwenyewe ni nani.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamelijibu swali hili kwa njia ya masuala madogo yenye faida kubwa. La kwanza ni hili: mtawala akifa, je, makadhi aliowateua huuzulika kwa kifo chake? Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) ameandika katika *Minhaj* kwamba hawauzuliki. Masharhi wamebainisha sababu yake: mtawala hakumteua kadhi kwa maslahi ya nafsi yake hata ukadhi ufe pamoja naye, bali amemteua kwa niaba ya Waislamu, na Waislamu wangalipo. Tofauti na hayo, wakili niliyemweka mimi aniuzie ng'ombe, nikifa uwakala wake umekwisha, kwa kuwa yeye alikuwa wangu.

Suala la pili: je, mtawala anaweza kumuuzulu kadhi apendavyo? Kwa mujibu wa *Minhaj* inafaa kumuuzulu ikiwa imedhihiri kasoro kwake, au amepatikana aliye bora kuliko yeye, au amepatikana aliye mfano wake na kukawa na maslahi katika kumbadilisha, kama vile kutuliza fitina. Nje ya hayo haifai. Hata hivyo, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba akimuuzulu bila ya sababu hizo, uuzulu wenyewe hupita, na dhambi hubaki juu ya aliyeuzulu. Wanazuoni wa Hanafi wao wamempa mtawala nafasi pana zaidi ya kuuzulu, iwe kwa shaka au bila ya shaka. Na kwa Hanbali ziko kauli mbili, mojawapo ikisema kwamba kadhi mwadilifu hauzuliki kwa matakwa ya mtawala, kwani mkataba ule ni kwa maslahi ya Waislamu.

Suala la tatu: kadhi aliyeuzuliwa akiwa mbali, hukumu zake kabla ya habari kumfikia ni sahihi? Kauli ya kutegemewa ni kwamba hauzuliki mpaka habari imfikie, ili ndoa na mirathi za watu zisivurugike.

Ama kuhusu muda, wanazuoni wameruhusu ukadhi uwekewe mipaka. Al-Mawardi (aliyefariki mwaka 450 Hijria, sawa na 1058) katika *al-Ahkam as-Sultaniyya* ameeleza kwamba kadhi anaweza kuteuliwa kwa mji maalum, kwa aina maalum ya mashauri, hata kwa siku maalum. Kwa hiyo muda mfupi si haramu, na muda mrefu si wajibu. Lililo haramu ni kumwondoa kwa sababu amehukumu haki. Lakini hapa hapa ndipo penye tatizo. Fiqhi imemwambia mtawala kwamba anapata dhambi, lakini haikuweka chombo cha kumzuia. Waliobaki na jambo hilo ni wacha Mungu miongoni mwa watawala, na mashujaa miongoni mwa makadhi.

Historia inavyoshuhudia

Wapokezi wa historia wamesimulia kwamba Umar bin al-Khattab (r.a.) alinunua farasi, akampanda ili amjaribu, farasi akapata dosari. Umar akataka kumrudisha, muuzaji akakataa. Wakamchagua Shuraih bin al-Harith awaamue. Shuraih akahukumu kwamba Umar ama abaki na alichonunua, ama akirudishe kama alivyokichukua. Amirul Muuminina akaipokea hukumu iliyokuwa dhidi yake, kisha akamteua Shuraih kuwa kadhi wa Kufa. Zingatia, ndugu msomaji: huyu aliteuliwa kwa sababu amemhukumu mteuzi wake! Inasimuliwa kwamba alikaa katika ukadhi kiasi cha miaka 60. Makhalifa wakaja na kuondoka, fitina kubwa zikapita, na kadhi yupo.

Zama za Bani Abbas, Harun ar-Rashid alimfanya Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 Hijria, sawa na 798) kuwa Kadhi Mkuu wa kwanza katika Uislamu, *Qadhi al-Qudhat*. Tangu hapo makadhi wengi wakawa wanapendekezwa na mwanachuoni mwenzao, badala ya kila mmoja kuchaguliwa na mtawala peke yake. Hii ilikuwa hatua kubwa. Lakini yule Kadhi Mkuu mwenyewe alibaki mkononi mwa Khalifa. Ndiyo maana tunasoma kwamba mwalimu wake Abu Yusuf, Imamu Abu Hanifa (r.a.), aliukataa ukadhi na akapata mateso kwa kukataa kwake. Na Izzuddin bin Abdissalam (aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262) alipokuwa kadhi Misri alibomoa jengo la ngoma lililojengwa kwa amri ya waziri juu ya msikiti, kisha akajiuzulu mwenyewe. Aliyeweza kuondoka kwa hiari yake hakuweza kutishwa kwa kuondolewa.

Dola ya Uthmania nayo ilikwenda njia nyingine. Makadhi wake katika karne za mwisho walikaa katika mji mmoja mwaka mmoja au miwili, kisha wakasubiri zamu nyingine. Lengo lilikuwa wasizoeane na wakubwa wa mji. Lakini mtu anayejua kwamba baada ya mwaka atakuwa hana kazi hushawishika kuichuma kazi hiyo angali nayo, na malalamiko ya ada na rushwa yakawa mengi. Muda mfupi ulikusudiwa kuziba tundu moja, ukafungua jingine.

Makadhi wa pwani yetu

Katika Afrika Mashariki, masultani wa Zanzibar waliweka makadhi wa Ibadhi na wa Sunni, kwani wao wenyewe walikuwa Ibadhi na raia wao wengi walikuwa Shafi. Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi (aliyefariki 1896) aliwekwa na Seyyid Said kuwa kadhi wa Kilwa akiwa bado kijana, kisha akatumikia Zanzibar. Uteuzi ulikuwa kwa neno la Sultani, na elimu ya mtu ilijulikana kwa ijaza na kwa halaka zake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Sheikh Ahmed bin Sumeit (1861–1925), mmoja wa wanazuoni wakubwa waliopata kutokea pwani hii. Alikuwa kadhi zama za Seyyid Barghash. Wakakosana, na mwaka 1885 Sheikh akaondoka Zanzibar kuelekea Istanbul, na katika safari zake akapita pia Misri na Makka. Barghash alifariki mwaka 1888. Ndipo Sheikh akarejea, na akarudi tena katika ukadhi ambao alikuwa nao hadi uzeeni. Elimu yake ilikuwa ile ile kabla na baada ya 1885. Kilichobadilika ni aliyekuwa juu ya kiti cha enzi. Umma wa Zanzibar ulikosa kadhi wa daraja ile kwa miaka mitatu kwa sababu hapakuwa na kanuni iliyosimama baina ya Sultani na kadhi.

Kule Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947) alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Qur'ani iko karibu katika kila nyumba ya Mwislamu huku kwetu, alikuwa kadhi Zanzibar kabla ya kuhamia Kenya, ambako alishika nafasi ya Kadhi Mkuu kuanzia 1968. Kenya ilikuwa na kiti cha kumkalisha kwa sababu mwaka 1963, kabla ya uhuru, Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Sheikh Muhammad Shamte, walikubaliana kwa maandishi juu ya ukanda wa pwani, na miongoni mwa waliyokubaliana ni kudumu kwa mahakama za makadhi. Kiti kilichoandikwa ndicho kilichobaki.

Bara: kutoka kwa mtemi hadi kwa hakimu

Sasa turejee huku kwetu. Uislamu uliingia Shinyanga na maeneo ya Geita kwa njia za misafara ya biashara kutoka Tabora kuelekea ziwani. Kabla ya hapo na baada yake, mashauri ya Wasukuma yaliamuliwa na mtemi pamoja na wazee. Wazee hufasiri neno mtemi kuwa linatokana na *kutema*, yaani kukata, kwani yeye ndiye akataye shauri. Lakini mtemi hakujiweka. Alichaguliwa na wazee wa ikulu kutoka katika ukoo wa utemi, na wazee hao hao waliweza kumwondoa akiharibu. Kwa hiyo hata kabla ya katiba za kisasa watu wa hapa walijua kwamba mwenye kukata shauri naye ana wa kumkata.

Waingereza walibadilisha mizani hiyo. Kwa Sheria ya Mahakama za Wenyeji ya 1929, mahakama za watemi zilitolewa chini ya Mahakama Kuu na kuwekwa chini ya maafisa wa utawala: rufaa ilikwenda kwa Bwana Shauri, kisha kwa mkuu wa jimbo, na mwisho kwa Gavana. Mtemi akawa mtawala na hakimu kwa pamoja, na kiti chake kikategemea ridhaa ya serikali kuliko ya wazee. Waislamu wa bara waliokuwa na shauri la ndoa au mirathi walikwenda kwa mtemi aliyehukumu kwa mila, au kwa liwali au kadhi pale alipokuwapo.

Na majaji wa Kizungu je? Hapa pana jambo la kushangaza. Uingereza yenyewe ilikuwa imeonja uchungu wa wafalme kuwafukuza majaji. Mwaka 1616 Mfalme James wa Kwanza alimwondoa Jaji Mkuu Edward Coke kwa sababu hakukubali kuinama. Kwa hiyo mwaka 1701 Bunge lao likapitisha sheria kwamba jaji atakaa madamu mwenendo wake ni mwema, si madamu Mfalme anampenda. Lakini ulinzi huo haukuvuka bahari. Mwaka 1953 mahakama ya London iliamua shauri la Terrell, aliyekuwa jaji katika makoloni ya Malaya, kwamba jaji wa koloni hukaa kwa ridhaa ya Mfalme na anaweza kuondolewa wakati wowote. Haki waliyojiwekea kwao hawakuona haja ya kuwawekea waliotawaliwa.

Baada ya uhuru, Tanganyika ilifuta mamlaka ya machifu mwaka 1963, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huo huo ikaunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja: Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, na Mahakama Kuu juu yake. Lilikuwa jambo la heri kumtenganisha mtawala na hakimu. Lakini katika kuunganisha huko, viti vya maliwali na makadhi navyo viliondoka. Sheria ya Kiislamu haikufutwa, kwani hadi leo Mahakama ya Mwanzo inaweza kuitumia katika mirathi na mambo ya ndoa ya Waislamu. Kilichoondoka ni kiti cha mwenye kuisomea.

Majaji wa leo

Ni vyema imamu ajue jaji wa nchi yake hupatikanaje. Kwa mujibu wa Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, ibara ya 109, majaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama, nao ni lazima wawe na sifa maalum za sheria kwa muda usiopungua miaka 10. Jaji wa Rufani huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Jaji Mkuu. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akitimiza miaka 60, na wa Mahakama ya Rufani miaka 65. Mahakimu wao wako chini ya Tume yenyewe, ambayo mwenyekiti wake ni Jaji Mkuu.

Jaji haondolewi ila kwa kushindwa kazi, kwa maradhi au sababu nyingine, au kwa tabia mbaya. Na hata hapo Rais hamwondoi kwa kalamu tu. Huunda tume ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili, ambayo angalau nusu yake ni watu waliopata kuwa majaji katika nchi za Jumuiya ya Madola, nayo huchunguza na kushauri. Hili, ndugu msomaji, ndilo lile suala la pili la *Minhaj*, ila limewekewa chombo.

Mlango mmoja umebaki nusu wazi. Katiba inamruhusu Rais kumuongezea jaji muda baada ya umri wa kustaafu kwa maslahi ya umma. Mwaka 2023 Jaji Mkuu Profesa Ibrahim Juma alipofikisha umri huo aliongezewa muda, akaendelea hadi 2025. Na kabla ya hapo, mwaka 2017, yeye huyo huyo alikaimu nafasi hiyo tangu Januari hadi Septemba kabla ya kuthibitishwa. Hatusemi kwamba alihukumu kwa kupendelea, Mwenyezi Mungu atuepushe na dhana mbaya. Tunasema juu ya kanuni: anayesubiri kuthibitishwa au kuongezewa amewekwa mahali pa mtihani, na hekima ya sheria ni kumpunguzia hakimu mitihani, si kumwongezea.

Wamarekani, kwa katiba yao iliyoandikwa 1787, walikwenda mbali zaidi. Jaji wa serikali yao kuu huteuliwa na Rais, lakini haingii kazini mpaka Baraza la Seneti limkubali, kisha hukaa maisha madamu mwenendo wake ni mwema. John Marshall alikuwa Jaji Mkuu tangu 1801 hadi kufa kwake 1835. Jaji Samuel Chase alishitakiwa na Bunge 1804 kwa sababu zilizochanganyika na siasa, na Seneti ikamwachia huru 1805. Tangu hapo ikafahamika kwamba jaji wa Mahakama yao ya Juu haondolewi kwa kuwa hukumu zake hazipendwi. Lakini kukaa maisha nako kuna gharama yake. Wapo wanaong'ang'ania kiti hadi uzee uwashinde, na kila nafasi moja inapopatikana hugombewa na vyama kwa ukali, kwa kuwa anayeingia leo huenda akahukumu kwa miaka 30. Shuraih naye, kwa mujibu wa masimulizi, alijiuzulu mwenyewe mwishoni.

Majirani zetu wa Kenya wamechagua njia ya kati. Katiba yao ya 2010 imeipa Tume ya Huduma za Mahakama kazi ya kuwasaili na kuwapendekeza majaji, na Rais huteua kwa mujibu wa mapendekezo hayo. Wanastaafu wakiwa na miaka 70, na Jaji Mkuu hapitishi miaka 10. Makadhi wao wametajwa ndani ya Katiba hiyo hiyo, ibara ya 170: kadhi ni lazima awe Mwislamu mwenye ujuzi wa sheria ya Kiislamu, na huteuliwa na Tume. Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi. Tume ilipopendekeza majaji mwaka 2019, Rais Uhuru Kenyatta alichelewa hadi Juni 2021, akateua 34 na kuwaacha 6, nao wakaja kuteuliwa na Rais William Ruto Septemba 2022. Sheria ni ukuta, lakini ukuta unataka walinzi. Zanzibar nayo ina Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 iliyochukua nafasi ya ile ya 1985, na Kadhi Mkuu wake huteuliwa na Rais wa Zanzibar.

Na sisi huku?

Tanzania Bara jambo la kadhi limekuwa na safari ndefu. Lilitajwa katika ilani ya uchaguzi ya chama tawala mwaka 2005. Lilifikishwa bungeni kwa muswada, na mwaka 2015 muswada huo ukaondolewa kabla ya kupitishwa. Katika kipindi hicho Mufti alikuwa marehemu Sheikh Issa bin Shaaban Simba, mtu wa Shinyanga, aliyeiongoza BAKWATA tangu 2002 hadi alipofariki Juni 2015, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ni katika zama zake BAKWATA iliweka makadhi wake wenyewe. Makadhi hawa husuluhisha kwa ridhaa ya wenye shauri. Hukumu yao haina nguvu ya dola, na talaka na mirathi hatimaye hufika mahakamani. Wengine wamelaumu, wengine wamesifu, na mjadala huo tunauacha kwa leo.

Ninalotaka kusema ni dogo zaidi nalo liko mikononi mwetu. Kwa miaka mingi tumedai serikali itupe kadhi aliye huru. Dai hilo ni la haki kulizungumza. Lakini je, sisi wenyewe tumempa uhuru huo imamu wetu na sheikh wetu, ambao hakuna serikali inayotuzuia kuwapa? Tunataka Rais asimwondoe jaji kwa sababu ya hukumu, na kamati ya msikiti inamwondoa imamu kwa sababu ya mafungu 24 ya mirathi! Kwenye machimbo hatari hii ni kubwa zaidi, kwani pesa huja ghafla, na mwenye duara lililotema anaweza kujenga msikiti mzima kwa msimu mmoja. Sadaka yake tunaipokea na tunamwombea. Lakini aliyenunua mabati hakununua hukumu.

Kwa kuzingatia fiqhi na historia tuliyoitaja, napendekeza kwa kila msikiti na kila baraza letu mambo manne. Kwanza, anayepewa kazi ya kusuluhisha na kugawa mirathi apewe barua, itaje kazi yake na muda wake, miaka mitatu au mitano, kwani kuweka muda kunafaa katika fiqhi. Pili, barua itaje sababu za kumwondoa: kasoro ya dini, kushindwa kazi, au maslahi yaliyo wazi, na isiwe hukumu aliyoitoa. Anayeona hukumu imekosewa aende kwa wanazuoni walio juu yake, kisha mahakamani. Tatu, anayelalamikiwa asihukumiwe na kamati iliyomwajiri peke yake. Waitwe masheikh wasiopungua wawili kutoka nje ya mji huo wasikilize pande zote mbili. Nne, posho yake itoke katika mfuko wa msikiti na si katika mfuko wa mtu mmoja, ili asijue ni sadaka ya nani iliyomlisha.

Haya si mageni. La kwanza tumelipata kwa al-Mawardi, la pili kwa Nawawi, la tatu linafanana na tume ya Katiba yetu, na la nne ndilo lililokuwa lengo la kuwalipa makadhi kutoka Baitul Mali.

Ama yule kijana, nilikaa naye siku chache kisha akapata msikiti mwingine. Kabla ya kuondoka nilimuuliza kama angejua yatakayompata angegawa vile vile. Akanijibu, "Sheikh, mafungu yale siyo yangu hata niyapunguze." Nikajua kwamba Shinyanga na Geita hazijakosa watu wa ukadhi. Zilichokosa ni utaratibu wa kuwalinda.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba makadhi ni watatu, mmoja wao tu ndiye wa Peponi, yule aliyeijua haki na akahukumu kwayo. Huyo mmoja ni mchache. Tukimpata, tusiwe sisi wa kumfungashia begi.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awape nguvu wanaohukumu kwa haki, awaongoze wanaowateua, na atujaalie kuipokea haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.